Dereva Yule si Shujaa

Tangu mwezi wa Februari 1976, ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza picha ya sinema iitwayo Taxi Driver, ugomvi juu yake haujakwisha. Yapata nusu karne imepita, na picha nyingi za miaka ile zimekwisha sahauliwa hata majina. Hii bado yatazamwa, yasomeshwa vyuoni, na kubishaniwa barazani. Nasi twaona yafaa kusema neno, maana katika mabishano hayo mengi yasemwayo ni ya kupotosha.

Watu wamegawanyika makundi matatu. Wa kwanza wasema: ni picha ya damu na uchafu, haina mafundisho, afadhali isahauliwe. Wa pili wasema: hiyo ni habari ya Wamarekani na miji yao mikubwa, sisi haituhusu, kwa kuwa kwetu hakuna mtu akosaye watu. Wa tatu, na wengi wao ni vijana, wasema: dereva yule ndiye mwanamume hasa, aliuona uovu akauondoa, nao hutundika sura yake ukutani na kuivaa vifuani mwao. Sisi twasema ya kuwa makundi yote matatu yamekosa, na kosa la hao wa tatu ndilo lenye hatari kupita yote.

Kwa ajili ya wasioiona, habari yenyewe kwa ufupi ni hii. Travis Bickle ni kijana wa miaka 26, aliyekuwa askari wa Marine, akatoka jeshini kwa heshima mwezi wa Mei 1973. Akaa peke yake katika chumba kimoja mjini New York, wala hapati usingizi. Kwa kuwa hapati usingizi, aenda kuomba kazi ya kuendesha teksi usiku, naye aendesha tangu saa 12 jioni hata saa 12 asubuhi, siku 6 za juma, pengine 7. Ampenda binti mmoja, Betsy, karani katika ofisi ya Seneta Palantine anayetaka kuchaguliwa kuwa Rais. Lakini ampeleka kutazama sinema ya aibu, naye binti aondoka kwa hasira wala hataki kumwona tena. Kisha akutana na mtoto Iris, wa miaka 12 na kitu, aliyetoroka kwao akaangukia mikononi mwa kuwadi. Travis anunua bastola 4. Kwanza akusudia kumwua Palantine. Walinzi wamshuku, akimbia. Usiku wa siku ile ile aingia katika danguro alimo Iris, awaua watu watatu, kisha ataka kujiua mwenyewe, lakini risasi zimekwisha. Magazeti yamsifu. Iris arudishwa kwao, na baba yake aandika barua ya shukrani. Mwisho twamwona Travis yumo katika teksi yake kama zamani.

Aliyeitunga habari hii ni Paul Schrader, aliyeiongoza picha ni Martin Scorsese, na mchezaji mkuu ni Robert De Niro.

Sasa na tuwajibu wa kwanza, wasemao kwamba ni damu tupu. Twakubali kwamba damu imo, na ni nyingi. Hata wakaguzi wa Marekani hawakuridhika nayo, ikabidi rangi za mauaji ya mwisho zififizwe ili picha ipewe kibali kilichotakiwa. Twakubali pia ya kuwa si picha ya watoto, na mzazi aionyeshaye kwa watoto wake amekosa. Katika mashindano ya Cannes, Ufaransa, mwaka ule ule wa 1976, mkuu wa waamuzi, mtunzi Tennessee Williams, alilalamika waziwazi juu ya wingi wa damu katika picha za siku zile. Hata hivyo picha hii ndiyo iliyopewa tuzo kubwa ya mashindano yale. Kwa nini? Kwa sababu mtu aitazamaye kwa makini aona kwamba mauaji yachukua dakika chache tu katika muda wa karibu saa mbili. Muda mwingine wote ni habari ya mtu asiye na wa kuzungumza naye.

Mahali pa maana kuliko pote hapana hata tone moja la damu. Travis asimama kwenye simu ya ukutani, amsihi Betsy amsamehe. Sauti ya Betsy hatuisikii. Twasikia majibu ya Travis tu, nayo yatutosha kujua kwamba anakataliwa. Hapo kamera yamwacha akisema, yasogea kando polepole, yatuonyesha ujia mtupu uendao hata mlangoni, na nje ya mlango barabara. Ni kama mtu aonaye haya kumtazama mwenziwe akidhalilika. Mahali pengine ameketi mkahawani na madereva wenzake. Wanaongea na kucheka, naye amekaza macho katika glasi ya maji aliyotia kidonge cha tumbo, atazama povu linavyopanda, hata glasi ile yaijaza picha nzima na maneno ya wenziwe hayasikiki tena. Yumo kati ya watu, lakini hayumo. Je, mambo haya ni uchafu? Wamefundishwa wapi wale wasemao kwamba kuonyesha ugonjwa ni sawa na kuusifu?

Tena afaa msomaji ajue habari hii ilitoka wapi. Schrader alilelewa katika mji wa Grand Rapids, katika nyumba ya Wakristo wa mapokeo ya Calvin waliokataza sinema kabisa, hata hakuona picha yoyote mpaka alipokuwa kijana mkubwa. Mwaka 1972 alikuwa Los Angeles, ndoa yake imevunjika, kazi hana, nyumba hana, akilala katika motokaa yake. Akapata kidonda cha tumbo, akaenda hospitali. Na alipokuwa akisema na muuguzi akatambua kwamba kwa majuma kadha wa kadha hakuwa amesema na mtu yeyote. Ndipo ilipomjia sura ya teksi: sanduku la chuma lipitalo katikati ya mji wenye watu tele, na ndani yake mtu mmoja aliyefungiwa kama maiti. Akaandika habari nzima kwa siku chache. Aliandika, asema mwenyewe, ili asiwe mtu yule aliyekuwa akimwandika. Mwenye kusema kwamba kazi ya namna hii imefanywa kwa kupenda uchafu, hajui asemalo.

Twaja kwa wa pili, wasemao haituhusu. Hawa twawajibu kwa upole, maana wasema kwa kupenda kwao. Kweli, New York ya wakati ule ilikuwa na mambo yake. Picha ilitengenezwa katika joto la mwaka 1975, mji ulipokuwa karibu kufilisika. Mwezi wa Julai maelfu ya watumishi wa mji waliachishwa kazi, askari polisi wakiwamo. Wazoa taka wakagoma, na taka zikarundikana barabarani. Vijana waliotoka vita vya Vietnam walirudi wakakuta hakuna awangojaye. Hayo yote yaonekana katika picha, wala hatusemi kwamba ni yetu.

Lakini upweke si taka za barabara moja, hata tuseme uko huko tu. Mji ule ulikuwa na watu karibu milioni 8, na Travis hakumpata hata mmoja. Huu ndio msiba wa mji mkubwa: wingi wa watu hauondoi upweke, huuficha tu. Kijijini, mtu asipoonekana siku mbili, jirani atabisha hodi. Mjini aweza kupotea mwezi mzima, na mwenye nyumba asitambue mpaka siku ya kudai kodi. Nao vijana wetu, je, hawaendi mijini? Hawapangi chumba kimoja, wakafanya kazi ya usiku, wakarudi kulala watu wanapoamka? Mlinzi wa usiku, dereva wa malori, kijana aliyevuka bahari kwenda kutafuta riziki Ulaya au katika nchi za Ghuba, hawa wote waweza kuitazama picha hii wakasema, huyu namjua.

Wala hatusemi haya kwa kubahatisha. Uingereza mwaka 2018 ilimteua waziri wa kushughulikia upweke. Mganga Mkuu wa Marekani alitoa onyo juu yake mwaka 2023. Na mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa ya kwamba mtu 1 katika kila 6 duniani ana upweke. Katika taarifa hiyo hiyo imo hesabu iwapasayo kuisoma wale wasemao kwamba ni ugonjwa wa Wazungu: katika nchi maskini wenye upweke ni kama watu 24 katika 100, na katika nchi tajiri ni kama 11 katika 100. Twajivuna kwa methali zetu kwamba mtu ni watu, nasi twafanya vema. Walakini methali haimtembelei mgonjwa. Mwenye kuisema hana budi kuondoka kitini akaenda.

Sasa twaja kwa kundi la tatu, nao ndio hasa waliotufanya tushike kalamu. Hawa huikumbuka picha yote kwa mahali pamoja tu, pale Travis asimamapo mbele ya kioo na bastola yake, akimwuliza mtu asiyekuwapo kama anasema naye. Vijana ulimwenguni kote wameyaiga maneno yale kwa kicheko. Waambiwe basi wanachokitazama. Schrader hakuyaandika maneno yale. Aliandika tu kwamba mtu yule anasema na nafsi yake kiooni, na De Niro akayatunga papo hapo. Naye ameonyesha kweli: mtu huyu amekosa wa kusema naye kabisa, hata imembidi ajifanyie adui kiooni apate kuulizwa na kujibu. Mwenye kuyaona hayo kuwa ushujaa na amwone pia mwenye njaa atafunaye udongo kuwa ni mlaji hodari.

Wao wasema, alimwokoa mtoto. Twakubali kwamba Iris alitoka katika danguro, na kutoka kwake ni jambo jema. Lakini tuyafuate mambo kwa utaratibu wake. Mtu wa kwanza aliyeuawa na Travis si kuwadi. Ni kijana mweusi aliyeingia dukani kunyang'anya fedha usiku. Travis ampiga risasi, kisha ahofu kwa kuwa bastola yake haina kibali. Mwenye duka amwambia aende zake, naye mwenyewe achukua chuma na kuupiga mwili wa yule kijana pale sakafuni. Hakuna gazeti liliandikalo habari hiyo, wala jina la kijana yule hatuambiwi. Wanaomsifu Travis humsahau mtu huyu daima, nasi hatukubali asahauliwe. Na atazame msomaji jinsi macho ya Travis yanavyowafuata watu weusi mkahawani na barabarani, kwa chuki asiyoisema. Katika maandishi ya kwanza ya Schrader, kuwadi na wenziwe waliouawa walikuwa watu weusi. Ikaonekana kwamba jambo hilo litaleta fitina, wakabadilishwa. Chuki haikutoka pamoja nao; imebaki katika macho ya dereva, na picha haikuificha. Je, kijana wa Kiafrika atundikaye sura ile ukutani amejiuliza, lau angalipita mbele ya teksi ile, angalitazamwa kwa macho gani?

Kisha wafikiri jambo hili. Siku ile ile Travis alitoka nyumbani kwenda kumwua Palantine, mtu asiyemkosea neno. Kama walinzi hawakumwona mapema, angalimwua, na magazeti yale yale yangalimwita mwendawazimu na mwuaji. Kwa kuwa alishindwa mchana, akaua wengine usiku, wakamwita shujaa. Bastola ni zile zile, mkono ni ule ule, moyo ni ule ule. Waliobadilika ni wale waliouawa tu. Hii ndiyo hukumu kali ya picha hii juu ya magazeti na juu yetu sote tuyasomao: hatukuuliza mtu huyu alikuwa na nini, tuliuliza tu amempiga nani. Wamwitao shujaa wamefanya yale yale yaliyofanywa na magazeti yaliyomo ndani ya picha, wala hawajui kwamba picha yawacheka.

Na hatari yake si ya maneno matupu. Tarehe 30 Machi 1981, mjini Washington, kijana aitwaye John Hinckley alimpiga risasi Rais Reagan na watu wengine watatu. Alikuwa ameitazama picha hii mara nyingi, akampenda kwa wazimu Jodie Foster, mchezaji aliyekuwa Iris, akadhani kwamba kwa tendo lile atamvutia. Mwaka uliofuata mahakama iliona kwamba akili zake hazikuwa timamu, akapelekwa hospitali ya wenye wazimu. Watu wa kundi la kwanza hulishika jambo hili na kusema: mwaona, picha ndiyo iliyoua. Sisi twasema, sivyo. Mamilioni waliitazama wasimguse mtu. Ila twasema hivi: mtu mpweke akipewa sura ya mpweke mwenziwe na kuambiwa na wenye vicheko kwamba huyu ndiye mwanamume, amepewa sumu katika kikombe kisafi.

Basi picha yenyewe yatufundisha nini? Kwa maoni yetu, yatufundisha kuhesabu nafasi zilizopotea. Travis hakuanza kwa kuua. Alijaribu kusema, tena zaidi ya mara moja. Usiku mmoja, nje ya mkahawa, amwita kando dereva mwenziwe aliyemzidi umri, ambaye wenziwe humwita Wizard, yaani mtu mwenye maarifa. Amwambia kwa shida kwamba ana mawazo mabaya kichwani, kwamba ataka kwenda kufanya jambo, hajui ni jambo gani. Msomaji, hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi. Na mwenye maarifa ajibu nini? Amwambia kwamba mtu hushika kazi, na kazi huwa ndiye yeye. Kwamba yeye mwenyewe ameendesha miaka 17 wala hajapata teksi yake. Kwamba aende akalewe, akatafute mwanamke, asijisumbue, atapona. Travis amwambia kwamba hajapata kusikia upuzi kama huo. Mzee acheka, ampigapiga begani, aenda zake.

Seneta Palantine naye alipanda teksi ile siku moja, akamwuliza ni jambo gani limsumbualo katika nchi. Travis akamjibu kwa uchungu kwamba mji huu wote wapasa kusafishwa. Seneta akasema maneno mazuri yasiyo na kitu ndani, akashuka. Kwa wazazi wake Travis aandika kadi, na kadi yote ni uongo: kwamba afanya kazi ya siri ya serikali, kwamba ana mchumba aitwaye Betsy. Na wazazi, kwa yote tuyaonayo, hawamo. Hatuoni jibu lao. Wizard si mtu mbaya. Palantine hakumtukana. Kila mmoja alimpa alichokuwa nacho karibu, nacho kilikuwa maneno ya kumwondoa. Ni nani kati yetu, walimu na wazee, asiyejua maneno ya namna hiyo? Jikaze. Uwe mwanamume. Yatapita. Twayasema tukiwa tumekwisha geuza uso kwenda zetu.

Walakini hatutaki kumwondolea Travis lawama yote. Upweke wake aliujenga kwa mikono yake pia. Betsy alikubali kuonana naye. Hakumwuliza apenda nini, akampeleka mahali pa aibu kana kwamba hakuna mtu mwingine ila yeye. Iris alisema naye mezani kwa urefu, akamweleza mambo ya kwao. Travis hakusikia ila yale aliyokwisha kusudia kuyasikia. Awaita wapita njia wote wanyama na takataka, kisha ashangaa kwamba hana rafiki. Kijana mwenye kulia kwamba hapendwi na aangalie kama yeye naye amepata kumsikiliza mtu hata mwisho. Mlango huu hufungwa kwa makomeo mawili, moja ndani, moja nje, na picha hii yayaonyesha yote mawili. Ndiyo sababu haichakai. Ingalisema kwamba kosa ni la mji tu, ingalikuwa hotuba. Ingalisema kwamba kosa ni la mtu tu, tungalimhukumu tukaenda kulala.

Mwishoni Betsy apanda teksi yake, wasemezana kwa adabu, ashuka. Travis aendesha akienda zake. Mara atupa jicho katika kioo cha motokaa, kwa ghafula, kama mtu aliyeona kitu. Muziki watoa sauti ya kushtusha, na picha yakwisha katika taa za barabarani. Muziki huo ni wa Bernard Herrmann, aliyemaliza kuurekodi akafa usiku ule, tarehe 24 Desemba 1975. Wamsifuo Travis na watueleze jicho lile. Mtu aliyepona hatazami hivyo. Sifa za magazeti hazikumponya, wala barua ya baba yake Iris. Bado yu katika sanduku lile la chuma, usiku, peke yake, na tendo lile laweza kurudi.

Basi twasema kwa wote. Walimu, msiikataze picha hii kwa wanafunzi waliokwisha kuwa watu wazima. Itazameni pamoja nao, kisha waulizeni ni saa ngapi mtu huyu angaliweza kuokolewa, na nani. Vijana, iondoeni sura ile ukutani, maana mwenyewe hakuitaka heshima hiyo; alitaka mtu wa kukaa naye. Na sisi wenye umri, kijana atakapotuita kando usiku, akasema kwa kigugumizi kwamba ana mawazo mabaya, tusimpige begani tukaenda zetu. Tukae.